Kudhibiti kasi ya prosesa kwenye Linux: mwongozo kamili kwa wanaotegemea betri na sola Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa saba hapa Mbeya maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole, na bado naletewa laptopu za moto kiasi cha kupasha mikono. Julai iliyopita mwalimu mmoja wa sekondari alishuka na gari la Tukuyu akiwa ameikumbatia yake ndani ya mkoba.

"Kaka, hii mashine inanguruma kutwa, na betri haimalizi hata vipindi viwili."

"Pole, mwalimu. Huwa unaifanyia kazi wapi?"

"Usiku, kitandani, juu ya blanketi. Baridi ya Rungwe si unaijua."

Nusu ya ugonjwa ilikuwa imeshajieleza. Nusu nyingine ilikuwa kwenye mipangilio ya prosesa, na hiyo ndiyo naiandika hapa. Wengi wetu huku tunafanyia kazi laptopu za mtumba. Umeme ukikatika tunahamia kwenye betri, na walio mbali na nguzo wanachaji kwa sola ambayo wiki ya mawingu inawanyima nusu ya chaji. Kila wati ina thamani.

Nauweka msimamo wangu wazi mapema. Usishushe kasi ya prosesa kabla hujapima. Ukishapima na kuona kweli prosesa ndiyo inayokula, anza kwa kuzima turbo (kasi ya ziada ambayo prosesa hujipandishia juu ya kasi yake ya msingi) wakati uko kwenye betri, na mengine yote muachie kerneli, yaani kiini cha Linux. Watu wengi hufanya kinyume: wanabana prosesa hadi mwisho, mashine inakuwa nzito, kisha wanailaumu Linux.

Amri zote nimeziandika kwa Ubuntu, Debian na Linux Mint. Nyingi ni za kusoma na kuandika kwenye mafaili ya kerneli yenyewe, kwa hiyo hazihitaji kupakua kitu wala kumaliza bando. Na chochote utakachoandika kwenye /sys, folda ya mafaili hayo, hupotea ukizima na kuwasha mashine. Ukikosea, washa upya, umerudi ulipokuwa.

Kwanza ijue prosesa uliyonayo

Fungua terminali uandike:

lscpu

Angalia jina la modeli, idadi ya kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) na idadi ya nyuzi (kazi ambazo kori moja inashika kwa pamoja) kwa kila kori. Prosesa ya Core i5-6300U, ambayo imejaa kwenye laptopu za mtumba zilizotoka maofisini, ina kori mbili na nyuzi nne. Kasi yake ya msingi ni GHz 2.4, na ikiingia turbo inafika GHz 3.0. Jina peke yake linakupa hadithi nzima: herufi U mwishoni maana yake imetengenezwa kutumia umeme kidogo, wati 15 kwa kawaida.

Kisha uliza ni draiva gani inayoongoza kasi, na gavana gani (kanuni ya kupandisha na kushusha kasi) yuko kazini:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_available_governors

Usiruke hatua hii. Jibu la draiva ndilo litakaloamua amri zipi zifanye kazi kwako. Ukiona intel_pstate, uko kwenye Intel ambayo mara nyingi inajichagulia kasi yenyewe ndani ya mipaka unayoipa. Prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha sita zina uwezo huo. Ukiona intel_cpufreq, ni draiva ile ile ikifanya kazi kwa mtindo mwingine, ambapo kerneli ndiyo inayochagua kasi. Utaiona sana kwenye kizazi cha nne na cha tano ukiwa na kerneli mpya. Ukiona acpi-cpufreq, una Intel ya zamani au AMD. AMD mpya zaidi zina amd-pstate, iliyoingia kwenye kerneli 5.17 mwaka 2022.

Pima kabla ya kugusa

Pima vitu vinne: nani anaitumia prosesa, inakimbia kwa kasi gani, ina joto kiasi gani, na betri inatoa wati ngapi.

Kwa cha kwanza, andika top. Asilimia 100 kwenye orodha ya programu maana yake ni uzi mmoja umejaa, kwa hiyo mashine yenye nyuzi nne inaweza kufika 400. Usishtuke ukiona kivinjari kiko 130. Ila kuna namba moja juu pale ambayo mafundi wengi huipita, na mimi huianzia: ile yenye herufi wa kwenye mstari wa CPU. Ni muda ambao prosesa imekaa bure ikingoja diski. Ikiwa wa iko 30 au 40 huku mashine ikijivuta, prosesa haina kosa. Diski ya kuzunguka imechoka au RAM imejaa, na hakuna mpangilio wa kasi utakaokusaidia. Nunua SSD, diski isiyozunguka, hata ndogo ya GB 120. Nimeona watu wakihangaika siku nzima na magavana wakati tatizo lilikuwa diski.

Tahadhari moja: amri ya ps nayo inaonyesha asilimia za CPU, lakini zake ni wastani tangu programu ilipoanza. Kinachotokea sasa hivi, kiulize kwa top au htop.

Kasi itazame hivi, ikijisoma upya kila sekunde:

watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"

Kwa joto unahitaji kifurushi kidogo:

sudo apt install lm-sensors
sudo sensors-detect
sensors

Maswali ya sensors-detect yajibu kwa kubonyeza Enter tu. Majibu yake ya awali ni salama. Ukiwa hufanyi kitu, joto la nyuzi za Selsiasi 40 hadi 50 halina shida. Chini ya kazi nzito, 80 na kitu ni kawaida kwa laptopu. Ikigusa 95 na kuendelea, prosesa itaanza kujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kuona kama imeshawahi kufanya hivyo tangu uiwashe:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count

Faili hili lipo kwenye Intel. Likikupa sifuri, vizuri. Likikupa namba kubwa, nenda kwenye sehemu ya joto kwanza.

Cha mwisho ni betri. Chomoa chaja, punguza mwanga wa kioo ufike kiwango unachotumia kila siku, ngoja dakika tano, kisha:

upower -d

Tafuta energy-rate. Hizo ndizo wati ambazo mashine nzima inakula. Juu yake kuna energy-full, kiasi ambacho betri inaweza kubeba leo, na energy-full-design, kiasi ilichobeba ikiwa mpya. Hesabu ni ya darasa la tano: betri yenye saa-wati 40 ikitoa wati 16 itakufikisha saa mbili na nusu, ikitoa wati 10, saa nne. Na kama energy-full imebaki theluthi ya ile ya mwanzo, betri imeisha maisha yake, tafuta nyingine. Namba zote ziandike kwenye karatasi. Bila karatasi utakuja kuamini kwamba umeboresha kitu ambacho hakijabadilika.

Joto lina dawa yake, na haiko kwenye terminali

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unabeba joto pungufu. Baridi yetu inafidia hilo, lakini kwa sharti kwamba hewa ipite. Ukiiweka laptopu juu ya blanketi, matundu ya chini yanazibwa, na baridi ya nje haina njia ya kuingia. Tumia ubao, sinia, hata kitabu kipana. Mwalimu wangu nilimpa kipande cha plaiwudi.

Adui wa pili ni vumbi la Septemba na Oktoba kabla mvua hazijashika, hasa kwa wenzetu wa Chimala na bonde lote la Usangu. Linajijenga kama blanketi jembamba kati ya feni na mapezi ya shaba. Zima mashine, toa betri kama inatoka, fungua kifuniko, shika feni kwa kidole isizunguke, kisha pulizia. Mashine yenye zaidi ya miaka mitano huwa nabadilisha na ule mkorogo wa kupitisha joto juu ya prosesa, maana umeshakauka na kuwa kama chokaa.

Baada ya hapo pima upya. Kwa mashine nyingi kazi inaishia hapa.

Magavana na kazi zao

Gavana ni kanuni inayoamua kasi ipande lini na ishuke lini. Kwenye acpi-cpufreq na intel_cpufreq utakuta performance, anayeshikilia kasi ya juu. Powersave, anayeshikilia ya chini. Ondemand na conservative wa enzi za nyuma. Na schedutil, aliyeingia kwenye kerneli 4.7 mwaka 2016, anayechukua taarifa moja kwa moja kwa mpanga-kazi wa kerneli. Huyu wa mwisho ndiye ninayemuacha kazini karibu kila mara.

Mtego uko kwenye intel_pstate. Hapo utakuta wawili tu, performance na powersave, na powersave wa hapo si yule wa kushikilia kasi ya chini. Anapandisha na kushusha kama kawaida kulingana na kazi. Mtu anamwona, anaogopa jina, anambadilisha kuwa performance, na jioni hiyo hiyo analalamikia betri. Muache.

Ukihitaji kubadilisha kwa kujaribu:

echo schedutil | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_governor

Kwenye intel_pstate ya kizazi cha sita na kuendelea, kitu chenye faida zaidi ya gavana ni upendeleo wa umeme. Ni ishara unayoipa prosesa kuhusu unachojali, kasi au betri:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/energy_performance_available_preferences
echo balance_power | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/energy_performance_preference

Ikikukatalia ikisema kifaa kina shughuli, angalia gavana: ukiwa na performance, upendeleo haubadiliki. Rudisha powersave kwanza.

Turbo, mahali betri inapovuja

Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini hufuata kasi yake mara volteji, halafu mara volteji tena. Na kasi ya juu inadai volteji ya juu. Kwa hiyo ile sehemu ya mwisho, kutoka GHz 2.4 kwenda 3.0, inakupa mwendo ulioongezeka kwa robo tu, lakini umeme unaongezeka kwa zaidi ya robo, na joto nalo. Dereva wa semi anayepanda Kitonga anaijua hesabu hii kwa mguu wake: kukandamiza mafuta hadi mwisho kunaongeza kelele na matumizi, juu mlimani anafika karibu muda ule ule.

Kuizima kwenye Intel:

echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Angalia vizuri: faili linasema "hakuna turbo", ndiyo maana moja inazima na sifuri inawasha. Kwenye acpi-cpufreq ni kinyume, moja inawasha na sifuri inazima:

echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost

Sasa fanya kazi yako ya kawaida kwa dakika kumi, kisha soma upower -d tena na ulinganishe na karatasi. Kuandika mitihani kwenye LibreOffice, kujaza matokeo kwenye jedwali, kusoma barua pepe, vyote hivi hutagundua tofauti ya mwendo. Feni ndiyo utakayoisikia imenyamaza.

Kwa nini basi tusiendelee kushuka hadi GHz 1, au hata MHz 400? Kwa sababu prosesa iliyomaliza kazi hulala, na ikilala hula kidogo sana. Ukiibana mno, kazi ya sekunde mbili inachukua sita, na kwa sekunde zote hizo prosesa iko macho, kioo kinawaka, RAM inakula, wifi inakula. Unaokoa senti mlangoni huku shilingi zinatokea dirishani. Dari ninayoweza kuitetea, kwa anayetaka kubana zaidi ya kuzima turbo, haipungui sana theluthi mbili ya kasi ya msingi:

echo 1700000 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_max_freq

Namba ni kilohezi, kwa hiyo 1700000 ni GHz 1.7. Kurudisha, soma cpuinfo_max_freq kwenye folda ile ile, uandike namba utakayoikuta.

Ikiwa ni programu moja tu inayosumbua

Hapa usiguse kasi ya mashine nzima. Mfano ninaokutana nao sana ni wa wenye stationery: kompyuta moja inabadilisha video ya harusi, na hapo hapo mteja anataka kuprinti CV. Video inakula nyuzi zote, CV inagoma kufunguka. Anzisha video kwa upole:

nice -n 19 ffmpeg -i harusi.mov -threads 2 harusi.mp4

Nice ya 19 maana yake ni kwamba video itumie prosesa hasa pale wengine hawaihitaji, na wakiihitaji ibaki na sehemu ndogo sana. Mteja akija, inampisha. Kama programu imeshaanza, tafuta namba yake kwenye top, kisha:

renice -n 10 -p 4321

Ukiwa mtumiaji wa kawaida unaweza kuishusha programu cheo, lakini kuipandisha tena kunahitaji sudo.

Nice haipunguzi umeme wala joto, maana mashine ikiwa haina kazi nyingine video itaitumia yote iliyobaki. Ukiwa kwenye sola na unataka kikomo cha kweli, weka mgao:

sudo systemd-run --scope --uid=$(id -u) -p CPUQuota=150% ffmpeg -i harusi.mov harusi.mp4

Asilimia 100 ni uzi mmoja kamili, kwa hiyo 150 ni uzi mmoja na nusu, basi. Kwa huduma inayoendeshwa nyuma ya pazia, tuseme seva ya apache2 kwenye kompyuta ya shule:

sudo systemctl set-property apache2.service CPUQuota=50%

Hii inabaki hata baada ya kuwasha upya. Ongeza --runtime kabla ya jina la huduma kama unajaribu tu.

Kuifanya idumu

Kwenye Ubuntu ya kawaida tayari kuna power-profiles-daemon, ile unayoiona kwenye menyu ya betri. Kwa mtu asiyetaka terminali inatosha:

powerprofilesctl list
powerprofilesctl set power-saver

Mimi kwa laptopu za betri nachagua TLP, programu nyingine ya kusimamia umeme, kwa sababu inabadilisha mipangilio yenyewe chaja inapochomolewa na kuchomekwa, na umeme wetu ukikatika hakuna anayekumbuka kuandika amri gizani. Viwili hivi havikai nyumba moja, kwa hiyo mzuie wa kwanza:

sudo apt install tlp
sudo systemctl mask power-profiles-daemon.service
sudo nano /etc/tlp.conf

Tafuta mistari hii, ondoa alama ya reli mwanzoni, na uiweke hivi:

CPU_BOOST_ON_AC=1
CPU_BOOST_ON_BAT=0
CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_AC=balance_performance
CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_BAT=balance_power

Hifadhi, kisha:

sudo tlp start
sudo tlp-stat -p

Ya mwisho inakuonyesha draiva, gavana, mipaka ya kasi na hali ya turbo mahali pamoja. Chomoa chaja, iendeshe tena, uone turbo imezimwa. Chomeka, uone imerudi. Usimkabidhi mtu mashine kabla hujafanya jaribio hilo.

Mashine iliyogoma kupanda

Kuna siku utakutana na kinyume: laptopu imeganda kwenye MHz 400 au 800, hata uipe kazi nzito, hata umweke gavana performance. Joto liko chini, turbo iko wazi. Hapo angalia chaja. Baadhi ya laptopu zikichomekewa chaja zisiyoitambua, au yenye wati pungufu, hujibana zenyewe hadi kasi ya chini kabisa. Chomoa, fanya kazi kwa betri. Kasi ikipanda ghafla, mkosaji ni chaja au pini yake ya katikati. Kama bado imeganda, soma scaling_max_freq, huenda kuna mtu aliweka dari akasahau, na kagua /etc/tlp.conf kama mashine ilishapita kwa fundi mwingine.

Ya mwalimu haikuwa na shida hiyo. Ilikuwa na vumbi, na kivinjari chenye kurasa zaidi ya thelathini zilizofunguliwa, na turbo iliyokuwa ikiruka kila alipogusa kitu. Nilisafisha feni, nikaweka TLP kwa mistari ile minne, nikamwonyesha jinsi ya kusoma energy-rate mwenyewe. Aliziandika namba mbili, ya kabla na ya baada, kwenye jalada la daftari lake la maandalio, akaweka plaiwudi kwapani na kwenda kuwahi gari la Tukuyu.